Baba Njeri Hakuinua Mkono

Mtaani Skuta, Alhamisi

Wageni wa leo wamenikasirisha. Wamekunywa chai yangu wakimsifu mume wangu, mpaka nikaenda kusimama jikoni peke yangu. "Huyu ndiye mwanamume," walisema. "Ati amezibuliwa mshipa wa moyo akiwa macho, na hakulia!"

Hawakumsikia daktari kule Nairobi. Alimwambia, "Mzee, nikiijaza hii baluni ndani ya mshipa, damu itapungua kwa moyo. Ukisikia kifua kinauma, inua mkono mara moja, niipunguze."

Baba Njeri hakuinua mkono. Ujanani alitahiriwa alfajiri, baada ya kusimama kwenye maji baridi ya mto, na hakuruhusiwa kulia, na tangu siku hiyo anaona aibu kusema hata "ai". Muuguzi ndiye aliyeona mstari wa moyo umepanda kwenye mashine, akapiga kelele. Baluni ilikuwa imekaa sana ikiwa imejaa. Kipande cha moyo kimekufa.

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza.

"Niseme nini? Iliuma kidogo tu."

Miaka yote hii nimelala kando yake. Sijui ni mara ngapi iliuma kidogo tu, na mimi sina mashine.

Jioni tuliwasindikiza wageni hadi barabarani. Tukipanda kurudi nyumbani alisimama mara tatu, mikono nyuma. "Natazama Mlima Kenya," alisema kila mara. Nikasimama naye, nikatazama pia.

Mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu tangu asubuhi.