Binti Yako Anadaiwa Somo Ambalo Halipo

Nyumba za Walimu,
nyumba ya mwisho, karibu na tangi la maji.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa dada yangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wanangu wote wa huko. Hujambo? Goti lako linaendeleaje? Nakujua, utakuwa umelifunga kitambaa na kuendelea kupiga eksirei za magoti ya watu wengine. Nenda nalo kwa daktari, tafadhali. Sisi huku ni wazima. Mume wangu kikohozi kimemwachia, sasa amehamia kwenye kukoroma.

Binti yako naye ni mzima. Nalitanguliza hilo makusudi, maana yanayofuata yanamhusu. Hajaugua, hajafeli, hajaolewa kwa siri. Lakini mahafali ya Novemba, ambayo umeshakata tiketi kuja kumpigia vigelegele, yeye hayumo. Kosa si lake hata chembe, na nina hasira mpaka barua hii nimeianza mara kadhaa nikaichana.

Unalikumbuka lile somo la chumba cha giza, la kusafisha filamu? Wewe ulilisoma ukanuka dawa muhula mzima. Mpaka mwaka jana nilikuwa bado nalifundisha, wanafunzi wakipapasa mabeseni gizani, wakati hospitali zote wanakokwenda kufanya mazoezi picha hutokea kwenye kompyuta. Wakifika huko wanapewa kazi ya kufungua milango. Nikasema basi. Idara yetu ikaandika pendekezo: somo la filamu litoke, la picha za kompyuta liingie mahali pake. Bodi ya kitivo ikalikubali bila kelele. Likabaki kwenda Kamati ya Mitaala ya chuo, yenye kauli ya mwisho.

Mwenyekiti wa kamati hiyo tunamwita Mzee Rejesheni, si mbele yake, kwa sababu hakuna waraka uliowahi kuingia kwake ukaacha kurejeshwa. Kwanza akaturejesha kwa kuwa tuliandika mwanafunzi "ataelewa" mionzi. Kuelewa hakupimiki, alisema. Mwanafunzi abainishe, achambue. Tukabadilisha. Tuliporudi, kamati ikatuambia kuondoa somo ni jambo moja na kuleta somo ni jambo jingine, kila moja na utaratibu wake, kwa hiyo tuligawe pendekezo letu vipande viwili. Nilibisha. Niliwauliza nani humvua mtoto shati kabla hajajua jingine liko wapi. Wakaandika kwamba mwalikwa ametoa maoni, wakaendelea. Tukaligawa.

Ungekiona kikao chenyewe, dada. Chumba cha ghorofa ya juu, meza ndefu, chupa ya maji mbele ya kila profesa, na feni inayokwaruza. Kuondoa somo kunahitaji saini ya mkuu wa idara tu, basi lile la filamu likafutwa kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Wakapongezana kwamba chuo kinakwenda na wakati. Lilipofika la kuleta somo jipya, Mzee Rejesheni akauliza maoni ya wadau yako wapi. Waajiri wamesema nini? Wahitimu je, na wazazi? Hatukuwa nayo, maana miezi yote hiyo hakuna aliyetuambia kwamba yanatakiwa. Likarejeshwa. Kisha chakula kikaletwa. Nilitoka bila kula, na unajua mimi si mtu wa kususa chakula.

Kwa hiyo somo la zamani limefutwa na jipya halijapitishwa, na wanafunzi wote wa mwaka wa mwisho wamepungukiwa somo moja. Ofisi ya mitihani inasema asiyekamilisha hahitimu. Kesho yake nilimfuata mwenyekiti ofisini. Alinikaribisha kwa upole, akanimiminia chai kwa mkono wake.

"Daktari, hakuna kilichoharibika," akaniambia. "Utaratibu umefuatwa."

Bora angenitukana. Matusi ningeyajibu.

Binti yako, Bi Maswali wetu, alikuja nyumbani jioni ile. Akakaa jikoni, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo wewe na mimi hatujawahi kuliona tangu ajue kusema. Kisha akauliza moja tu.

"Kwa hiyo, mama mdogo, nadaiwa somo ambalo halipo?"

Nimesoma mpaka nikaitwa daktari, na jibu nililompa mtoto wa dada yangu lilikuwa ndiyo tu. Akaosha vikombe, akaaga. Iliniuma sana.

Namfundisha hivyo hivyo, yeye na wenzake, kila Jumamosi, kwa kompyuta ya idara. Wanakuja wote. Kazi hiyo haihesabiki popote, lakini angalau hawatatumwa tena kufungua milango.

Sasa nisikilize vizuri. Tiketi usiirudishe. Kamati imeitisha mkutano wa wadau juma lile lile la mahafali, chumba kile kile, na somo jipya likipita hapo watoto watafanya mtihani na kuhitimu mwezi wa tatu. Nimemuuliza katibu wao mdau ni nani hasa. Akasema mwajiri ni yule anayesaili na kuchukua wafanyakazi. Wewe ndiye msimamizi wa kitengo cha eksirei, na hao wapya hupita mikononi mwako. Mhitimu ni aliyesoma idara yetu. Kuhusu mzazi hata sikumuuliza. Jina lako nimeshalipeleka. Katibu akataka kujua akuandike kundi lipi, nikamwambia aache wazi. Ile nguo uliyoshona kwa ajili ya mahafali, ivae siku hiyo. Mzee Rejesheni akikuuliza unasema kwa niaba ya nani, mwambie wote watatu.

Msalimie sana shemeji, na wale pacha waambie mama yao mdogo wa hasira anawapenda. Kaka mkubwa na mkewe wanakusalimu. Mola akulinde njiani na akufikishe kwetu salama, goti na vyote.

Wako akupendaye hata akiwa amevimba kwa hasira,
Mdogo wako.

Nilikuwa karibu kuifunga bahasha, Bi Maswali akaniuliza kama vigelegele vinaruhusiwa kwenye kamati. Nimemwambia hakuna utaratibu unaovikataza.