Kichwa cha Kapteni

Jumatatu, 24 Februari

Jumamosi ya tarehe 11 Januari, kati ya saa tano na saa saba mchana, nyumba hii ilipoteza betri mbili za sola, televisheni, cherehani, na meno mawili ya mbele ya mama. Mimi nilikuwa karakana, nachomelea mlango wa mtu mwingine.

Leo kama kila siku. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nimehesabu risasi na Candia, askari tuliyeletewa na kampuni ya ulinzi. Tano. Anazipanga juu ya kifuniko cha ndoo, nami nagusa moja moja. Anaudhika. Audhike.

Ukuta futi nane, na juu yake safu tatu za seng'enge. Madirisha kumi na moja, yote nimeyatengeneza kwa mikono yangu, nondo za milimita kumi na sita. Mbwa wawili, siku tisa sasa tangu niwatoe mji wa mpakani wa Koboko, kwa Taban, anayeuza mbwa karibu na soko. Niliwakagua vizuri. Meno, miguu, masikio. Niliwapima: mkubwa kilo thelathini na nne, mdogo ishirini na sita. Nikamwambia mtu wa Taban apite karibu nione. Mkubwa alimrarua suruali. Nikasema, huyo ndiye.

Sikuwapa majina. Mama ndiye aliyewapa. Mkubwa ni Kapteni, mdogo ni Mgeni.

Amri yangu ni moja: anayewalisha ni Candia peke yake. Mbwa akilishwa na kila mtu halindi kitu.

Jumatano, 26 Februari

Siku ya sala. Zamani akina mama kumi na wanne walikuwa wanajaa barazani kila Jumatano. Leo amekuja mmoja. Amegonga lango, Kapteni akalirukia kutoka ndani, mama wa watu akaondoka mbio. Nimemsikia tu viatu.

Mama amekaa peke yake na kitabu chake cha nyimbo. Ana miaka sabini na moja. Akaniambia, "Binti yangu, umenijengea jela ya polisi. Tofauti ni kwamba hapa kuna nyama."

Nikamwambia jela hakuna mwizi anayevunja kuingia. Akacheka huku ameziba mdomo kwa mkono. Anaficha pengo. Hilo linaniuma kuliko betri.

Jumapili, 2 Machi

Misa kanisani Ediofe. Nje, akina mama wa sala wamenizunguka. Mama Rose, mkubwa wao, hana breki mdomoni: "Shetani tunafukuza na sala. Sasa hiyo mbwa yako tutafukuza na nini?" Wote wakaangua kicheko. Nimecheka nao. Kicheko cha uongo.

Mmoja wao, mkimbizi kutoka Sudani Kusini, hakucheka. Alinishika mkono akasema pole pole, "Dada, sisi tulikimbia bunduki. Kuja kusali karibu na bunduki, moyo inakataa." Nilitaka kumwambia bunduki ya huku iko upande wetu.

Mama amevaa mikono mirefu kwenye joto lote lile. Nimeona. Sikuuliza.

Jumanne, 4 Machi

Kapteni hajala tangu jana. Sauti imekwaruza, anabweka kama mtu mwenye mafua. Candia anasema, "Madam, mfupa imekwama huko." Nimemwambia atazame kooni. Amekataa. Nitamwita daktari wa mifugo mwisho wa wiki. Karakana kuna milango mitatu ya watu haijakwisha.

Alhamisi, 6 Machi

Saa nane na dakika kumi mchana Candia amenipigia simu. Nimefika kwa boda. Kapteni anatafuna pipa la maji, udenda unamtoka kama sabuni, miguu ya nyuma inamwangusha. Mgeni amejificha chini ya gari. Mama kajifungia jikoni.

Nikamwambia Candia: risasi moja, kichwani, usipoteze. Akafanya hivyo hivyo. Moja tu. Zimebaki nne.

Tumemzika nyuma ya ukuta, shimo la futi nne, tukamwaga chokaa. Mama analia kama amefiwa na mtu. Nimekasirika. Meno yake hakuyalilia hivyo.

Nikiri. Wakati ule nilijisifu. Nilisema kimoyomoyo, kazi safi.

Jumamosi, 8 Machi

Daktari wa mifugo amekuja kumwona Mgeni. Aliuliza mambo matatu.

La kwanza: mbwa hawa walichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa? Kadi ya chanjo iko wapi? Sijui. Nilipima kilo, nilifungua midomo, nilihesabu meno. Kadi sikuuliza.

La pili: kichwa cha yule aliyekufa kiko wapi? Nikamweleza. Akasema ubongo ndio unaopimwa. Risasi imeusaga, chokaa imemaliza. "Mngepiga kifuani, madam." Sasa hakuna mtu duniani anayeweza kusema kwa hakika Kapteni alikuwa na nini.

La tatu: amemuuma mtu? Nikasema hapana.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Alinigusa kidogo."

Kifundo cha mkono wa kulia. Matundu mawili, moja limefunga, moja bado. Alhamisi ya tarehe 27 Februari. Siku tisa zimepita. Alikuwa anawapelekea makombo nyuma ya jiko kila mchana, nikiwa kazini. Alisugua kidonda kwa chumvi, akavaa mikono mirefu.

Nikampigia kelele. Kwa nini hukusema? Akanijibu bila hasira, "Ungemuua. Na alikuwa rafiki yangu wa mchana."

Tumeosha kwa sabuni na maji ya bomba robo saa nzima, nikitazama saa. Hospitali. Sindano ya kwanza amepata. Kuna dawa nyingine ya kuchomwa pale pale kwenye kidonda, hiyo haipo. Nimezunguka mji mzima, haipo. Zilizobaki ni siku ya tatu, ya saba, ya kumi na nne. Yaani tarehe 11, 15 na 22.

Jumanne, 11 Machi

Hospitali, sindano ya pili haipo. "Rudi kesho." Nimepanda hadi mtaa wa Arua Hill kwenye ofisi moja ya afya kuuliza nani anajua zilipo. Karani ameniandikia namba ya simu. Namba haipatikani.

Jumatano, 12 Machi

Amechomwa. Siku moja kuchelewa. Muuguzi naye ameuliza lile lile: mbwa alichanjwa? Kama alichanjwa, hofu inapungua sana. Kama hakuchanjwa, basi kuna zile siku tisa, na hakuna wa kuzirudisha. Ugonjwa ukishaonekana, hakuna tiba.

Nikamuuliza, kati ya watu mia, wangapi? Akasema, "Dada, hii usiulize kwa hesabu."

Sijui kuuliza kwa njia nyingine.

Ijumaa, 14 Machi

Koboko. Nimeondoka asubuhi. Taban nimemkuta palepale, kwenye vizimba vyake, mbwa sita ndani. Aliponiona akatabasamu. "Mama wa milango! Umekuja kuongeza ingine?"

Nimemweleza yote. Tabasamu likaisha. Akasema mbwa ilikuwa mzima, kila mutu aliiona. Nikauliza, alichanjwa? Akasema, "Mama, wewe ulinunua mbwa ama ulinunua karatasi?" Nikauliza tena. Akasema karatasi iko na ndugu yake ng'ambo, upande wa Kongo. Nikauliza ndugu yupi, namba ipi. Akasema simu ya ndugu imeanguka kwenye maji. Nikauliza wewe mwenyewe uliona akichomwa? Akaanza kuwapa mbwa maji.

Nimeuliza mara saba. Nimehesabu. Si mara moja alisema ndiyo. Si mara moja alisema hapana.

Mwanamke anayeuza nyanya jirani yake akapaza sauti: "Huyu anauza mbwa kama mimi nauza nyanya! Ya jana anaweka juu, ya juzi anaweka chini!" Watu wakacheka. Taban pia akacheka. Nilitaka kumpiga. Badala yake nikamwambia, Taban, ni mama yangu. Akatazama chini. "Pole, dada." Hilo tu.

Njiani nimelia hadi dereva akazima redio.

Jumamosi, 15 Machi

Sindano ya tatu amepata kwa wakati. Mgeni amefungwa kwa mnyororo, anakula, anakunywa, yuko sawa. Daktari wa mifugo anasema uzima wa huyo hautuambii lolote kuhusu mwenzake.

Kampuni imemwondoa Candia na bunduki yake. Wanataka barua kueleza risasi moja ilikwenda wapi. Candia ameniaga kwa adabu. Alisema, "Madam, mimi nilipiga mahali ulisema." Hakuwa ananilaumu. Ni kweli tu.

Kwa hiyo bunduki hakuna. Mbwa ni mmoja, kafungwa. Ukuta bado upo. Nimeuzunguka leo nikiutazama. Kila kitu nilichokiogopa kilikuwa nje yake.

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi mama amesema mkono unawasha. Pale pale, kwenye tundu lililochelewa kufunga. Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha.

Nimempeleka. Daktari ameuangalia kwa muda mrefu. Kidonda kinachopona huwasha. Ugonjwa nao mara nyingine huanza hivyo. Tusubiri. Hakunitazama usoni aliposema tusubiri.

Mchana akina mama wa sala wamekuja, ingawa si siku yao. Tisa. Lango lilikuwa wazi, wakaingia moja kwa moja. Mama Rose alimletea uji. Yule wa Sudani Kusini alimshika mkono mwingine, ule mzima, muda wote. Wameimba nyimbo nne. Mama ameimba bila kuziba mdomo.

Mimi nilikaa nyuma, karibu na mtungi. Namtazama akinywa. Wanasema wenye ugonjwa huu huogopa maji. Leo amekunywa glasi sita. Ya sita aliinywa polepole, au mimi ndiye niliyeona polepole.

Sasa amelala kidogo kwenye mkeka barazani. Jua bado lipo. Nimemtumia Taban ujumbe, naunakili hapa:

Taban. Sitaki mbwa mwingine. Sitaki kurudishiwa kitu. Sikuletei polisi, wala sitakutaja kwa mtu. Nataka nijue tu nikae na mama yangu namna gani siku hizi. Yule mbwa mkubwa alichanjwa, au hakuchanjwa? Ndiyo au hapana. Nasubiri jibu lako hadi kesho Jumanne, saa sita mchana.