Jeshi la Baba Limo Kwenye Wavu Wako

Leicester, Uingereza
Jumanne jioni

Kwa Kaka Shabani,

Shikamoo. Nimetanguliza shikamoo kwa sababu ni haki yako, wewe ndiye mkubwa wangu, na hasira niliyo nayo haiwezi kunifanya niiruke. Natumaini kifua hakikusumbui tena, na kwamba Shemeji na watoto hawajambo. Mimi mwilini sina neno. Baridi imeanza lakini nimeizoea, na kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, tunaendelea vizuri. Salamu zinaishia hapa.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu simu umenikatia mara mbili. Barua hii anakuletea Mama Zuhura mwenyewe akirudi Gungu. Nimemwomba akupe mkononi na asiondoke mpaka umeifungua. Usimpe mtu akusomee, la sivyo na yeye atajua ulichofanya.

Nianze na Jumapili. Nainakili kutoka kwenye shajara yangu, nisije nikaongeza chumvi.

Nilishakueleza habari za kile chama ukawa unacheka, kwa hiyo narudia. Nyuma ya maktaba ya mtaani kwetu hapa kuna ukumbi mdogo. Kila Jumapili wanakutana humo watu wazima: dereva wa basi, mwalimu wa hesabu, na Mzee Alan aliyestaafu kiwandani. Wanapanga mezani askari wadogo wa madini ya risasi na wa plastiki, kila mmoja amepakwa rangi kwa mkono hadi vifungo vya koti, halafu wanapigana vita vya zamani kwa dadu na futikamba. Askari wa miguu anakwenda inchi sita, wa farasi anakwenda kumi na mbili, na mtu akidanganya kipimo wanamzomea kama watoto. Mimi huwapakia rangi wale ambao mikono yao imeanza kutetemeka. Ukicheka cheka. Humo ndani hakuna anayelewa, na hakuna anayeniuliza nimetoka wapi kwa sauti ya kunifukuza.

Niliwasimulia kuhusu Baba. Niliwaambia alikuwa fundi kwenye karakana ya bandarini Kigoma, na kwamba alichonga mwenyewe kalibu ya chuma kwa tindo na tupa, vipande viwili vinavyofungwa kama kitabu, akawa anamimina humo risasi iliyoyeyushwa kutoka kwenye nyaya chakavu. Niliwaeleza kwamba askari wote walitoka kwenye kalibu moja lakini hakuna wawili waliofanana, maana Baba aliwakunja kwa koleo wakiwa bado wa moto, huyu akainua mkono, yule akageuza shingo. Wapagazi aliwatoa humo humo, akawaongezea mizigo kichwani. Mzee Alan alisikiliza mpaka chai yake ikapoa. Akasema, "Basi tufanye vita vya ziwani kwenu, vya wakati wa Mjerumani. Baba yako awe upande mmoja."

Walitengeneza meza kwa miezi. Mzee Alan alichonga kilima cha Kigoma, akaniuliza stesheni inakaa wapi na reli inaishia wapi, nikamchorea. Walipaka ziwa rangi ya bluu, safu juu ya safu, mpaka ukiinama unaona kina. Ufuko wa Ujiji waliuacha wazi. Walisema hapo hawaweki mtu mpaka jeshi la baba yangu lifike.

Ndipo nikakuomba, Kaka. Sikukuomba kitu kikubwa. Nilisema Mama Zuhura anakuja huku kumwangalia binti yake aliyejifungua, mpe lile sanduku la bati la kijani lililo chini ya kitanda cha Baba. Ukanijibu, "Sawa mdogo wangu, limeshafungwa." Nilikushukuru. Nilikuombea hadi dua.

Jumapili asubuhi nilikwenda kulichukua. Lilikuwa limefungwa kwa uzi wa nyavu, mafundo yako nayajua. Mama Zuhura akasema, "Mwanangu, huyu ndugu yako kanibebesha mawe?" Nikamwambia, "Si mawe, Mama. Ni Baba." Akanitazama, akasema Mungu amrehemu. Nililibeba kifuani hadi ukumbini, sikutaka kulifungua peke yangu.

Wote walisimama kuizunguka meza. Nililiweka sanduku kando ya ziwa, nikakata uzi, nikafunua.

Dagaa.

Dagaa wakavu, wamejaa hadi juu. Nilichimbua kwa mikono nikidhani askari wako chini. Chini nikakuta chupa mbili za mawese, na moja kizibo kilikuwa kimelegea njiani. Nilipoivuta, mafuta yakamwagika mezani. Ziwa la Mzee Alan likawa jekundu kuanzia Ujiji hadi upande wa Kongo. Na harufu unaijua. Mwalimu wa hesabu akauliza, "Hawa ni jeshi la majini?" Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, Kaka, kwa sababu nisingecheka ningelia mbele yao. Mzee Alan ndiye peke yake ambaye hakucheka. Alivua skafu yake shingoni akaanza kufuta.

Nilikupigia nikiwa nje, kwenye ngazi za ukumbi.

"Umepata dagaa?" uliniuliza kabla sijafungua mdomo. "Hao wametoka Kagunga, hawana mchanga."

"Kaka, askari wako wapi?"

"Askari gani?"

"Askari wa Baba."

"Aa, vile vidude! Vimepata kazi vile, mdogo wangu. Wavu ulikuwa hauzami."

"Umeviyeyusha?"

"Sasa risasi si risasi? Ziwa limefunguliwa, kila mvuvi anatafuta za kutia kwenye wavu, dukani zimekwisha, za kwako zimelala chini ya kitanda zinakula vumbi. Nimetia kwenye sufuria, Mama Idi kakoleza moto, dakika moja tu. Ila ile rangi yako! Ilitoa moshi, tumekohoa nyumba nzima."

Ukacheka. Nilikusikia ukimgeukia mtu pembeni ukamwambia, "Ni Rama huyu, analilia midoli." Na yule mtu akacheka pia. Halafu ukaniuliza, "Hivi wewe una miaka mingapi? Mtu mzima, yuko Ulaya, anacheza na vitoto vya risasi. Wenzako wanajenga."

Nakujibu sasa, kwa sababu kwenye simu hukunipa nafasi.

Vile vidude nilianza kuvipaka rangi kabla sijaota ndevu. Nyekundu ilikuwa rangi ya kucha ya Mama. Bluu Baba aliikwangua chini ya kopo la rangi ya meli. Brashi ilikuwa manyoya ya mbuzi kwenye njiti. Baba alikuwa akirudi kutoka karakana, ananawa, anakaa kwenye kigoda, ananishikia askari mmoja mmoja kwa koleo ili rangi isishike vidole. Mwisho anasema, "Macho mwache. Macho usimpake, atakutazama vibaya." Kwa hiyo jeshi lile lote halikuwa na macho. Ulikuwa unajua hilo? Uliwaangalia hata mara moja kabla ya kuwatia sufuriani?

Na yule mpagazi mwenye bega la kushoto lililoshuka. Baba alisema huyo ni baba yake babu yetu, aliyebebeshwa mizigo ya Mjerumani akarudi Ujiji akiwa amepinda upande mmoja, na hakunyooka tena. Hakuna picha yake duniani. Kulikuwa na kipande kile tu cha risasi, alichokipinda Baba kwa mkono wake. Huyo naye umemyeyusha, Kaka. Sasa hivi anavuta wavu chini pale ufukweni kwako Kibirizi, na wala hujui ni kidonge kipi.

Usidhani nakukataza kuvua. Najua serikali ikilifunga ziwa ili samaki wazaane mnakaaje, na najua likifunguliwa mnavyokimbizana. Ungeniambia, "Rama, wavu hauzami," ningehangaika na wewe kama tulivyohangaika siku zote. Hukusema. Uliniambia limeshafungwa. Ulichukua muda kupanga dagaa vizuri, ukachagua mawese mazuri, ukafunga mafundo, ukijua kabisa kilichomo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko sufuria.

Nilipokupigia mara ya pili ulisema neno ambalo limenikaa. Ulisema, "Baba alikufundisha wewe tu. Mimi alinituma maji." Sauti yako ilibadilika hapo, nilisikia. Lakini si kweli, na wewe unajua. Nilikuwepo. Baba alitoka kazini na kalibu mpya imefungwa kwenye kitambaa, akakuita wewe kwanza, kwa jina, wewe mkubwa. Ulikuwa umeshika kasia. Ukasema, "Baba, mimi nakwenda ziwani, hivyo vya watoto mpe Rama." Baba akacheka, akanigeukia mimi. Kama ulitaka akuite mara ya pili, ungekaa. Umelibeba jambo hilo miaka yote hii, Baba kafa hukumwambia, umekuja kulimaliza jikoni kwa mkeo, Mama Idi. Moto ule haukuwashwa na wavu peke yake.

Sasa jambo lenyewe, na hapa naomba usome polepole.

Kabla hujakata simu nilikuuliza kuhusu kalibu. Ukasema ipo. Ukasema kipande kimoja Shemeji anazuilia mlango usijifunge, na kingine umekifunga kwenye kamba ya nanga. "Kizito kizuri," ulisema. Halafu ukakata.

Kaka Shabani, kipande kimoja cha kalibu ile kina kifua cha mtu, kingine kina mgongo. Ukikosa kimoja hakuna mtu anayetoka. Askari waliokwisha wamekwisha, siwezi kuwarudisha, na nakuomba usiwakate kwenye wavu ukanitumia vidonge, sitaki kuviona. Lakini kalibu ikiwa nzima, naweza kumimina wengine. Mzee Alan ana sufuria ya kazi hiyo na amesema tutaimimina pamoja. Sura za wale alizozikunja Baba zimekwenda, ila kifua na mgongo alivichonga Baba, na kila nitakayemtoa humo atakuwa ametoka mkononi mwake. Hicho ndicho kilichobaki cha kazi yake. Nyumba aliijenga fundi mwingine, mtumbwi ulinunua wewe.

Na hicho kilichobaki unakitupa majini kila jioni. Mwenyewe ulinisimulia nanga ulizoziacha kwenye mawe pale, kamba inasagika inakatika, na ukitoka ufukweni kidogo tu ziwa halina mwisho. Nikiwa kazini namlisha mzee wa watu uji, nafikiria kamba yako. Nimekuwa mtu wa kuangalia hali ya hewa ya Kigoma kwenye simu. Jana walionyesha upepo mkali ziwani nikashindwa kumaliza chakula, na usifikiri nilikuwa nakuogopea wewe. Wewe unajua kuogelea.

Kifungue. Ukimaliza kusoma, nenda kakifungue, hata kama mmeshapakia taa, hata kama wenzako wanakusubiri. Funga jiwe. Ufuko mzima umejaa mawe.

Dada Mwajuma atakuja na bodaboda kutoka Gungu kuchukua vipande vyote viwili. Nimemweleza kila kitu. Alikasirika kuliko mimi, nikalazimika kumtuliza. Alisema, "Shabani akinipa maneno badala ya chuma, nitakaa pale mtumbwini mpaka wavuvi wote wajue." Unamjua. Usimpe maneno.

Nimepata likizo baada ya mvua. Nitakuja. Nikivikuta vipande viwili kwa Dada, nitashuka Kibirizi na begi langu, nitalala kwako kwenye chumba cha Baba kama siku zote, tutagombana ana kwa ana mpaka tuchoke, kisha tutakula. Nikikikuta kimoja, nitafikia kwa Dada. Nitakula kwa Dada, nitalala kwa Dada, nitakwenda Mwamgongo kumwona Mama kwa boti ya watu wengine, na nitaondoka Kigoma bila kukanyaga mlangoni kwako. Watu watakuuliza mdogo wako amekuja mbona hayupo hapa. Wewe ndiye utakayewajibu.

Nisalimie Shemeji. Mwambie sina ugomvi naye, alikoleza moto alioambiwa akoleze, lakini mlango auzuilie kwa kitu kingine. Wasalimie watoto, hasa Idi, mwambie nimefurahi kusikia amefaulu. Mama nitampigia mwenyewe, na wewe usimweleze lolote, kwa sababu ataanza kukutetea. Baba Mdogo wa Ujiji, yule aliyeshika jeneza mbele pamoja na wewe, mpe salamu zangu za heshima, na akikuuliza kuhusu sanduku la kijani, mwambie ukweli.

Nasubiri simu ya Dada.

Ni mimi mdogo wako, mwenye hasira,
Ramadhani