Mzee wa Kadi ya Njano

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimekabidhiwa wazee. Bosi kasema hivyo hivyo mkutanoni, "Wewe chukua wazee," kama anayegawa zamu za kuosha vyombo.

Gemu letu ni la maisha. Mchezaji anajenga nyumba, anaweka watu ndani, anawaongoza. Kuna watoto wanaotambaa, vijana wanaopendana na kuachana, watu wazima wanaofukuzwa kazi na kuunguza chakula jikoni. Halafu mhusika anafika sitini. Nywele nyeupe, mgongo unapinda — basi. Anakaa. Anatazama televisheni. Anasinzia.

Wachezaji wamewachoka. Bosi kanipa mpaka mwisho wa mwezi. Wazee wakiendelea kuchosha, uzee unafutwa. Mtu atafika sitini na kufa hapo hapo, bado anapendeza.

Mchoraji, anayekaa jirani na meza yangu, kaninong'oneza pole. Yeye ndiye aliyewachorea ile migongo.

Jumatano, 6 Machi

Siku ya majaribio. Tunaalika watu wa nje waje wacheze, sisi tunawaangalia kupitia kioo. Alikuwepo mama mmoja mpole, mwenye mkoba wa kijani, aliyemshukuru hata mlinzi kwa kumfungulia mlango. Kajenga nyumba nzuri. Bibi wa nyumba alipozeeka, yule mama akamwingiza chumbani, kisha akauondoa mlango. Ukuta mtupu! Bibi akagonga, akalia, akaacha. Chumba kikawa cha mtoto.

Nilipomuuliza baadaye, hakuona aibu hata kidogo. Bibi alikuwa anamzibia njia tu, kasema.

Nimerudi nyumbani roho imesinyaa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimewapa wazee bustani. Nimewapa drafti, kufuma, kucheza dansi taratibu. Nimewapa wajukuu wa kuwasimulia hadithi. Bosi katazama mpaka mwisho, kidevu mkononi. Kasema wanapendeza kama picha za kalenda.

Ni kweli. Ni wema mno. Hawataki chochote, hawakatai chochote. Hata mimi ningeondoa mlango.

Nimekwama kabisa. Sijui mzee anataka nini.

Jumapili, 10 Machi

Baba alikuwa refa. Si wa mechi kubwa, wa ligi za mitaa, viwanja vya vumbi. Magoti yalipomshinda akastaafu, mama alipofariki akahamia kwangu. Akaja na sanduku la nguo na kadi zake, njano na nyekundu, kwenye mfuko wa shati. Bado anazitumia. Jirani wa juu akiburuza viti, baba anapanda ngazi pole pole, anagonga, anamwonyesha ya njano, anashuka. Haongezi neno.

Leo kaka na mkewe walikuja kula mchana, wamechelewa. Baba akamngoja kaka avue viatu, akamwinulia njano usoni kwa vidole viwili. Kaka akabisha habari ya foleni. Njano ya pili — kwa hiyo nyekundu. Kaka, mtu mzima mwenye kitambi, kala chakula chake barazani amesimama! Wifi alicheka mpaka akapaliwa. Baba hakucheka. Alikuwa anatafuna, uso umekunjamana, amekasirika kwelikweli.

Hapo hapo nikaona. Nikaacha sahani, nikaenda kuandika.

Jumanne, 12 Machi

Imekubali!!

Mzee wangu mpya anatoa kadi. Ukichelewa, kadi. Ukiacha vyombo, kadi. Ya pili unalala sebuleni. Mchoraji kamnyoosha mgongo, kampa mdomo wa kubetua. Yule mama wa mkoba wa kijani alirudi leo, akawa anachelewesha watu wake makusudi ili mzee awakamate. Amecheka mpaka machozi. Mlango hakuugusa.

Bosi kapiga meza kwa kiganja. "Lete zaidi," kasema.

Jumatatu, 18 Machi

Nimeleta zaidi. Baba anavyopuliza filimbi taarifa ya habari ikizidi urefu. Anavyojifanya kiziwi saa ya dawa tu. Anavyopima chai kwa kuangalia rangi kwenye mwanga wa dirisha na kuirudisha jikoni. Yote yamo. Ofisini wamempa mzee jina la utani, Mwamuzi, na wanamwongelea kama mwenzetu.

Siku hizi nakaa na baba baada ya kula, namuuliza maswali. Ilikuwaje mashabiki walipokuzomea? Ulikuwa unaogopa? Anajibu kwa kirefu, anasimama, ananionyesha alivyokuwa akirudi nyuma bila kugeuka. Amechangamka. Leo kaniambia hajawahi kuulizwa mambo haya, hata mama hakuwahi.

Anadhani nataka kumjua.

Jumatano, 20 Machi

Ofisi imerusha kipande cha video kutangaza gemu. Mzee anatoa kadi, familia nzima inakimbia. Watu wanatumiana. Sikumwambia baba. Nilijiambia hana habari na mitandao.

Mchana alikwenda kununua mkate. Kulikuwa na mtu karuka foleni, baba akaingiza mkono mfukoni — duka zima likacheka. Kijana mmoja akainua simu amrekodi. Akarudi bila mkate.

Jioni kanisimulia, kisha akaomba nimwonyeshe. Hakutaja kitu gani, alisema tu, "Nionyeshe." Nikaweka kompyuta mezani. Kaitazama video yote, mikono juu ya magoti. Akaomba irudiwe. Halafu kauliza nani alimfundisha yule kushika kadi kwa vidole viwili. Nikasema mimi.

"Umemwiga vizuri," kasema. Akaenda kuosha kikombe chake.

Nilitaka anifokee.

Jumamosi, 23 Machi

Kaka na wifi walikuja tena, wamechelewa tena. Baba kawafungulia, kawakaribisha, kawauliza hali za watoto. Kaka kajisogeza mbele kwa utani, kifua nje, anangoja kadi yake. Baba kamwambia zimeisha. Kaka kanitazama. Kaka kala mezani, ameketi.

Walipoondoka nikamfuata chumbani kwake. Alikuwa anakunja shati. Nikaomba msamaha, maneno yakinigongana. Akaniacha nimalize.

"Nikiinua mkono sasa wanacheka kabla sijafungua mdomo," kasema. "Ile ilikuwa hasira yangu, mwanangu. Nilikuwa nakasirika kweli."

Akaendelea kukunja. Mfuko wa shati ulikuwa mtupu.

Jumatatu, 25 Machi

Uzee umebaki. Bosi katangaza mbele ya wote, watu wakanipigia makofi, mchoraji kanikumbatia. Nilisimama pale kama niliyekamatwa na kitu cha mtu.

Nikamfuata bosi ofisini kwake nikamwomba tuondoe kadi. Tumpe mzee tabia nyingine, nitaibuni, nitafanya kazi hata siku za mapumziko. Kanisikiliza kwa heshima. Kasema yule mzee si wangu tena, ni wa wachezaji, wanampenda. Na kwa kuwa wanampenda, hawezi kuzimika tu kama balbu. Anataka kifo chake kiandikwe. Kiwe kizuri, kiwatoe watu machozi, kiwe tayari Ijumaa.

Nikamwambia ampe mtu mwingine.

"Nani mwingine anamjua kama wewe?" kasema. Alikuwa ananisifu!

Jumanne, 26 Machi

Sijaandika kitu. Jirani wa juu kaburuza viti jioni nzima. Baba kaongeza sauti ya televisheni.

Nimempelekea chai nyeusi tii makusudi, imekolea kupita kiasi. Kainywa. Kasema asante.

Jumatano, 27 Machi

Nimeomba ruhusa nifanyie kazi nyumbani. Asubuhi nimejaribu kifo cha usingizini. Nimekifuta. Nimejaribu cha bustanini, wajukuu wamemzunguka. Nimekifuta. Kila nikiandika "mzee anafumba macho" nasikia kiti cha sebuleni kinalia, nainuka kuchungulia. Baba yupo tu. Televisheni inaongea peke yake.

Kaka kapiga simu. Anataka baba ahamie kwake, abadilishe hewa. Kasema si kwa lawama, lakini sauti ilikuwa na lawama. Nikasema nitamuuliza. Sijamuuliza. Akikubali je?

Saa za alasiri nimeacha kompyuta nikahamia meza ya chakula na daftari hili, angalau nimwage kilichonijaa. Sikuwa nimeandika hata mstari, baba akazima televisheni, akaja. Kavuta kiti, kakaa ubavuni kwangu. Tangu Jumamosi hajakaa karibu nami hivi.

"Huyo mzee wenu," kasema, "mwisho wake anakufaje?"

Sijui nani kamwambia. Labda kaka. Labda kasikia kupitia ukuta nilivyokuwa nikisoma na kufuta. Nikajibu kwamba bado sijaandika, kwamba huenda nisiandike. Akatikisa kichwa, si kwa kukataa, kama mtu anayesikia jambo alilolitarajia.

"Kama si wewe ataandika asiyenijua," kasema. "Andika. Mimi nipo hapa."

Amevaa miwani. Amekunja mikono mezani, anaitazama kalamu yangu. Macho yake hayasomi mwandiko wangu, ni mdogo mno kwake, kwa hiyo anadhani haya ninayoandika sasa ndicho kifo chenyewe. Nami siachi kuandika. Nikisimama ataniuliza nimefika wapi. Najaza mistari. Naandika anavyopumua. Naandika kola yake iliyokunjika upande mmoja, natamani kuinyoosha, mkono hauendi.

Sasa kainama karibu zaidi.

"Asife amekaa," kasema. "Hilo tu nakuomba."

Nimeitikia kwa kichwa. Anasubiri niandike. Nimeandika.