Nani Alikupa Ruhusa ya Kufa?

Ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Wareno. Mwezi wa Shaabani, mwaka wa thelathini na moja tangu nivuke.

Mtani wangu Nambunga,

Juzi sokoni mtu alicheka kwa nguvu nyuma yangu, nikaangusha kikapu cha mtama. Mzee mzima! Ungekuwepo ungeniiga mpaka watu waketi chini.

Nakumbuka ulivyokuwa ukisimama. Peke yako, bila ngoma, mikono nyuma, uso mkavu kama wa mtu anayesubiri hukumu. Ulinyamaza mpaka tukaanza kucheka wenyewe. Ndipo uliposema neno moja. Toka kwenu Chilangala mpaka kwetu Chiwata, msiba wa Wayao haukukamilika bila wewe, Mmakonde, kuja kututania.

Kisha ule msiba wa mjomba wangu, mwaka wa vita vya Maji Maji. Akida wa Wajerumani alikuja na askari wawili, akaketi mkekani, akala ugali wetu. Wewe ukatoa tumbo mbele kama yeye, ukamkemea maiti: "Amka, Myao mvivu! Nani amekupa ruhusa ya kufa? Barabara ya Wajerumani haijaisha!"

Tulicheka mpaka machozi. Akida alitushinda wote kwa kucheka. Tukadhani aliyekula chakula cha msiba ameingia katika utani wetu. Lakini yeye alikuwa mtu wa pwani, hakuwa mtani wa yeyote pale.

Siku ya tatu ulikamatwa, ati unachochea watu. Akida akaniita, akauliza kwa upole, "Huyu ni mtani wako? Alikuwa anatania?"

Ndiyo moja tu ingekuokoa, Nambunga. Nilitazama kamba mkononi mwa askari, nikasema, "Simjui vizuri, bwana."

Ulinitazama kwa uso ule ule mkavu. Kwa mara ya kwanza sikujua kama unachekesha.

Walipokunyonga, ukazikwa, nilijificha kwenye mihogo. Mkeo, Mama Asha, aligeuka huku na huku. "Mtani wake yuko wapi?" Wakakufukia kimya. Wewe! Kama mtu asiye na watani.

Wajerumani waliondoka zamani. Akida naye, nasikia, amekufa. Bado naogopa. Naogopa Mama Asha asije akauliza tena.

Basi pokea, nimechelewa: amka, Mmakonde mvivu! Nani alikupa ruhusa ya kufa?

Kila Shaabani, mwezi wa kuwakumbuka wafu, nitakutania hivi, kwa sauti, hata majirani waseme nimerukwa na akili. Lala, mtani wangu.

Chiwata sitarudi.