Taa Zako Mbili na Redio ya Baba

Nyumba ya Geti la Bluu,
Nyuma ya karakana.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Kaka,

Kabla ya yote pokea salamu zetu nyingi. Hujambo? Shemeji hajambo? Na Mzee Mdogo, bado anavua viatu kila mkimgeuzia mgongo? Natumaini kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimeachia, na kwamba safari hii ulikwenda kwa daktari mwenyewe badala ya kumtuma Shemeji akakusemee. Sisi huku wazima. Goti la Baba limepona, anapanda ngazi bila kuzitukana. Mama ndiye yule yule. Mimi nimeungua kidogo kidole gumba, na sababu utaisoma hapo chini.

Kifurushi chako kilifika salama. Taa zote mbili za pikipiki nzima, vioo havina hata ufa. Zile soksi kuukuu ulizozifungia, Mama amezifua na kuziweka kabatini kana kwamba nazo zilikuwa zawadi.

Kwenye simu nilikuambia tu kwamba Baba alianguka, kwa sababu Mama alikuwa kando yangu. Sasa nikueleze vizuri. Alikuwa anatoka kutengeneza cherehani za washonaji wa ng'ambo ya daraja, giza linaanza kuingia. Kwenye kona yetu lori likaja nyuma yake na dereva hakumwona. Unaijua mwenyewe taa ya nyuma ya ile pikipiki uliyotuachia, mpaka ibembelezwe ndiyo iwake. Lori lilimpita karibu mno, Baba akaishia mtaroni, na sindano zake zote zikamwagika kwenye majani.

Mama hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipojua mambo ni mazito. Aliutoa ufunguo wa pikipiki kwenye msumari wa mlangoni, akaufunga kwenye pindo la nguo yake, akasema, "Siku nitakayosimama hapa mlangoni nikakuona na kukusikia kabla hujamaliza kona, nitakupa. Vinginevyo tembea, baba watoto, au kaa."

Kutembea na lile sanduku lake la vyuma vya kazi haiwezekani. Basi akakaa. Kaka, hujawahi kumwona Baba amekaa. Alifungua cherehani ya Mama ambayo haikuwa na ugonjwa wowote, akaifunga, akaifungua tena. Wateja wakaanza kuuliza kama bado anafanya kazi. Jioni moja alisema labda ndiyo mwisho wake wa ufundi, tena alisema hivyo kwa sauti nyepesi, kama mtu anayezungumzia mvua. Ile sauti ndiyo iliyonitisha.

Ndiyo maana taa zako zilipofika nilizipokea kama dawa. Baba naye alifufuka. Kabla sijamaliza kufungua boksi, akatoka chumbani amekumbatia redio ya gari, ambayo jirani yetu fundi umeme, yule tunayemwita Fyuzi, alikuwa ameitupa stoo.

"Na hii utanifungia," akaniambia. "Mama yako amesema anataka kunisikia."

"Nilimaanisha honi!" Mama akajibu kutoka jikoni.

"Honi ni kelele, mama watoto. Redio ni habari."

Unanijua mimi, sianzi kazi bila mchoro. Nilichora njia ya kila waya: kutoka kwenye betri, kupitia fyuzi, mpaka kwenye swichi ya usukani, halafu kwenye taa. Na ile taa ya nyuma nikaibadilisha. Redio nikaipa fyuzi yake, na nikaiunga ili izimike ufunguo ukitolewa. Baba alitaka iendelee kuimba hata pikipiki ikiwa imeegeshwa. Nilikataa, maana betri ingekuwa maiti kila asubuhi. Akanuna mpaka chakula cha jioni. Kila kiungo nilikilehemu na kukivika mpira, na hapo ndipo kidole gumba kilipopata yake.

Nyaya zote za ethi, yaani zile zinazorudisha umeme kwenye chuma cha pikipiki, niliamua kuzikusanya kwenye bolti moja chini ya kiti. Mahali hapo nilipasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikaacha, maana jua lilikuwa limeshuka na kazi hii naishika Jumamosi tu. Jumamosi iliyofuata nikafunga bolti moja kwa moja bila kupatazama tena.

Sikukuambia kwamba katika kukaa kwake Baba alikuwa ameipaka pikipiki rangi. Ndiyo, ile ile iliyobaki kwenye geti. Imekuwa bluu kuanzia tangi mpaka mkia, na kwa kweli imependeza, ingawa ukiiegesha mbele ya geti inapotea.

Tulipokuwa tayari, Mama akatoa ufunguo kwa vidole viwili, akasimama kuangalia. Redio ikawaka, mtangazaji akaongea vizuri kabisa. Baba akapiga makofi. Nikawasha taa. Zikatoa mwanga mwekundu kama makaa yanayokufa, na mtangazaji akakatika katikati ya neno. Nikazima taa, mtangazaji akarudi. Baba akakanyaga breki, mtangazaji akaondoka tena.

"Si mbaya," Baba akasema. "Nitakuwa nachagua. Nione njia, au nisikilize habari."

Mama hakucheka. Alinyoosha mkono, akaurudisha ufunguo kwenye pindo, akaingia ndani.

Wiki ile sikulala vizuri. Nilipima swichi, nikapima fyuzi, nikavuta kila kiungo nione kama kitachomoka. Vyote vizima. Niliona haya hata kumpita Baba barazani, kwa sababu aliniambia kwa upole niache tu, nimejitahidi. Mwishowe nikarudi kwenye mchoro na kujiuliza ni kitu gani ambacho taa, breki na redio vinatumia pamoja. Ni ile bolti chini ya kiti. Nikaifungua. Chini yake, pale nilipopasugua mpaka pakang'aa, palikuwa pa bluu. Rangi nzito, bado laini, imebonyea alama ya bolti kama muhuri.

"Baba, nani amepaka rangi hapa?"

Alikuja, akachungulia, akakuna shingo. "Niliona umepakwaruza, mwanangu. Nikasema nipazibe upesi kabla mama yako hajaona ukaja kusemwa."

Kaka, nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtu mzima kapiga magoti kwa siri na brashi ili kunifichia kosa ambalo halikuwa kosa! Na kwa rangi ile umeme ulikuwa unapenya kidogo tu: ukitosha redio, hautoshi taa. Nilipasugua upya mbele ya macho yake, nikafunga bolti papo hapo, nikapaka grisi juu kuzuia kutu. Brashi nikaipeleka kwa Fyuzi ikatunzwe huko.

Jioni ya jana Mama alikubali kujaribu tena. Alisimama mlangoni, mikono kifuani. Baba akaenda mpaka kule mbele, akatoweka nyuma ya ukuta wa karakana. Mama akaanza kupiga kisigino sakafuni. Halafu tukasikia, kwa mbali, mtangazaji akipayuka matokeo ya mpira, na ukuta mzima wa karakana ukawa mweupe kabla pikipiki yenyewe haijatokea.

"Zima hizo taa, unatupofusha!" Mama akapaza sauti. Baba akazima, akashuka, na kwa adabu akamkabidhi ufunguo. Mama akautazama kidogo, akautundika kwenye msumari wake wa mlangoni.

Leo baada ya chakula Baba amekwenda ng'ambo ya daraja, ingawa ni Jumapili. Amesema washonaji wamemngoja sana.

Fyuzi anakusalimu, anasema redio ile alijua ni nzima siku zote. Mama Mdogo anaulizia picha za Mzee Mdogo. Mpe Shemeji salamu zangu, na umbusu mtoto kwa niaba ya shangazi yake aliyeungua kidole.

Hapa inabidi nikomee, kwa sababu nasikia redio huko konani, na mwanga umeshagusa pazia. Juzi tu Mama angekuwa ameruka kusimama mlangoni. Sasa hivi ameinuka taratibu, hajatazama hata nje, amekwenda kubandika chai.

Mungu awalinde huko mliko, na kila atokaye nyumbani kwenu amrudishe salama kwenye mlango wake.

Mdogo wako anayekupenda siku zote,
Kipimo