Dereva wa Mshenga

Gaithersburg, Jumamosi 3 Januari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limeanza kukusikiliza, na Mama bado anakushinda kwa hoja. Mimi mzima, ila baridi ya huku ni kali. Asubuhi pua inatangulia kazini, mimi nafuata.

Habari ni hii. Mzee Zefania, baba yake Vaileth, amekubali kupokea barua ya posa. Ni Jumamosi tarehe 17, saa nane mchana, nyumbani kwao Herndon. Siku hiyo moja tu, Baba, kwa sababu Jumapili jioni anapanda ndege kwenda Same kusimamia ujenzi, na hatarudi mpaka mwaka uishe. Amesema barua haipokelewi kwa simu, wala haipokelewi na mke wake. Tukiikosa siku hiyo, ni mwakani, na Vaileth ameshaniambia kwamba yeye si mtu wa mwakani.

Mshenga ni Mzee Silvanus wa Rockville, yule aliyefundisha shule ya msingi Bukoba miaka thelathini na mpaka leo anasahihisha watu. Usafiri atatoa rafiki yangu Festus, Mkenya, mwenye gari kubwa kama kanisa la kigangoni, linalovutwa na magurudumu yote manne. Mimi sitaonekana, kama desturi inavyotaka.

Kinachonitia wasiwasi ni gari langu. Umeliona kwenye picha: jekundu, viti viwili, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo kwenye theluji mkia wake huteleza. Mzee Zefania aliliona mara moja tu akamwambia Vaileth, "Mtu wa viti viwili hana mpango wa kupata watoto."

Mwanao,
Respicius


Muleba, 6 Januari

Mwanangu Respicius,

Marahaba. Goti linakunjika, kunyooka ndiko halitaki. Mama yako hajambo na anakusalimu, na ameniambia nisiandike mengi. Usinipigie simu kwa jambo hili. Simu hukatika pale pale ninapokuwa na hoja.

Mimi nimeendesha lori la kahawa miaka ishirini na sita. Lilikuwa na viti viwili. Nina watoto saba. Mzee huyo usimwambie, ila wewe ulijue.

Siku ya posa usisogelee hata ua wa nyumba hiyo. Babu yako alichungulia siku ya posa yake, na wakwe walimtania mpaka kaburini. Naambiwa shemeji mmoja aliendelea hata baada ya hapo.

Theluji siijui. Utelezi naujua. Mkia wa gari ukikimbia, geuza usukani kule unakokimbilia, legeza mguu kwenye mafuta polepole, breki usiiguse. Gari halipendi kushtuliwa. Lichukulie kama ng'ombe aliyezaa jana. Wenye magari ya kuvuta kwa magurudumu manne hujifunza haya wakiwa tayari mtaroni. Sisi Wahaya hatujisifu, tunasema ukweli kwa sauti tu.

Baba yako,
Method


Gaithersburg, 13 Januari

Baba,

Shikamoo, na pole na goti. Mwambie Mama ule unga wa muhogo umefika, na mizigo ikikaguliwa tena asiuandike "dawa".

Watabiri wanasema Jumamosi theluji itafika nusu ya ugoko. Watu wameshamaliza mikate yote madukani. Sijui kwa nini theluji inawatia wenzetu njaa ya mkate. Wote wananiambia niahirishe. Mzee Zefania hajaahirisha. Kasema, "Mwenye nia atafika."

Mimi nimenunua matairi ya theluji, manne. Fundi alinielimisha: baridi ikizidi, mpira wa tairi la kawaida unakuwa mgumu kama soli ya kandambili ya zamani. Haya ya theluji yanabaki laini, na yamechanjwa chanjo ndogondogo zinazong'ata. Jumapili kulianguka theluji kidogo, nikaenda kwenye maegesho ya maduka yaliyofungwa kufanya mazoezi. Mzunguko wa kwanza nilizunguka kama pia. Wa kumi nilikuwa natoka kwa gia ya pili, mguu kama umekanyaga yai, na breki naanza kuigusa wakati kona bado iko kwa jirani. Mkia ukitoka naurudisha. Baba, nasema bila kujisifu, kwa sauti tu: gari linakwenda.

Festus alipita akashusha kioo. "Buda, hako kagari utakasukuma wewe mwenyewe! Hii yangu inapanda hata ukuta." Nikayatazama matairi yake. Vipara. Nilipomwambia akajibu, "Magurudumu manne ni manne, bro."

Mwanao,
Respicius


Muleba, 15 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima.

Vipara vinne ni vipara vinne tu. Jiandae.

Ukilazimika kumbeba mshenga wewe mwenyewe, basi siku hiyo wewe si muoaji, wewe ni dereva. Dereva hana jina. Nimefika kwenye nyumba za wakubwa miaka ishirini na sita na hakuna aliyewahi kuniuliza langu.

Baba yako,
Method


Gaithersburg, Jumamosi 17 Januari, jioni

Baba,

Shikamoo. Tumerudi wazima wote wawili, na gari.

Theluji ilianza alfajiri. Kufika saa nne asubuhi Festus alikuwa ameshalilaza gari lake mtaroni, hatua mia kutoka mlangoni kwake, magurudumu yote manne yakizunguka kwa bidii sawa. Akanipigia: "Respi, mi na-cancel. Hata wao wata-understand." Nikampigia Vaileth. Akasema baba yake ameshavaa suti na amekaa dirishani.

Nikavaa kofia ya kufunika masikio, nikaenda Rockville. Mzee Silvanus alitoka amevaa suti, na barua imo ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mfuko wa nailoni. Akalitazama gari. "Mlango wa wakubwa uko wapi?" Nikamkunja taratibu mpaka akaingia.

Barabara kuu ilikuwa nyeupe, mistari imefutika, na magari makubwa yamelala pembeni, mengine yanatazama yalikotoka. Sisi tulikwenda kwa gia ya tatu, polepole. Kwenye daraja la mto Potomac mkia ukatoka.

"Kijana, tunakwenda ubavu."

"Tunakwenda, mzee."

"Nimesema ubavu!"

Nilikuwa nimeshageuza usukani, mguu umelegea. Gari likajinyoosha. Mzee Silvanus akafumbua jicho moja. "Endelea," akasema, kwa sauti ya mwalimu aliyekupa alama ya vema huku akitamani kukukosesha.

Kazi ilikuwa kwenye kilima cha mtaa wao. Kuna jambo moja ambalo matairi hayawezi kulisaidia: gari liko chini, na theluji ilikuwa inalikwangua tumbo. Ukisimama pale, umesimama mpaka Machi. Sikusimama. Gia ya pili, mguu ule ule wa yai, tukawapita waliokwama wawili mpaka mlangoni. Saa nane kasoro dakika sita. Dirishani kulikuwa na suti.

Mshenga akaingia, mimi nikabaki garini nimeinamisha kofia, kama ulivyonielekeza. Baada ya dakika kumi akatoka mama yake Vaileth na mwavuli. "Wewe dereva, nyumba hii haiachi mtu kwenye baridi. Shuka."

Ningefanyaje? Vaileth akanipokea, "Karibu, kaka dereva," kisha akakimbilia jikoni. Nikasikia sufuria ikianguka na mtu akicheka. Mzee Zefania akanipa mkono bila kutabasamu.

"Unatoka wapi, dereva?"

"Gaithersburg, mzee."

"Huyo kijana mwenye barua unamfahamu?"

"Kidogo."

"Mtu wa namna gani?"

"Anafika, mzee."

Mzee Silvanus akakohoa. Nilidhani nimeshinda. Kumbe. Nikaambiwa nikanawe mikono, nami, kwa mazoea ya kumtembelea Vaileth baba yake asipokuwepo, nikaenda moja kwa moja: korido, mlango wa pili kushoto, swichi iliyojificha nyuma ya makoti. Niliporudi, sebule nzima inanitazama.

"Dereva, choo chetu umekijuaje?"

"Nyumba za Herndon zinafanana, mzee."

"Na swichi?"

Baba, nilivuta sahani. Nilikula wali.

Wakati wa kuaga Mzee Zefania alimwambia mshenga kwamba jibu litatoka baada ya kikao cha familia. Halafu akanigeukia. "Kesho saa kumi una kazi? Teksi zimekataa kupanda huku, na mimi nina ndege." Nikasema sina kazi. Sasa sijui kama nimekubaliwa au nimeajiriwa. Tuombee.

Mwanao,
Respicius


Muleba, 21 Januari

Mwanangu Respicius,

Amani kwako, na kwa hao wanaokulisha wali. Umekaa siku nne bila kuandika, na mama yako ameshakuzika mara mbili.

Jana Mzee Zefania alinipigia kutoka Same. Nusu saa nzima alimsifia dereva. Alisema pale pa kupandia barabara ya uwanja wa ndege palikuwa kioo, lori limekaa kimshazari mbele yenu, yeye akafumba macho akaanza Baba Yetu. Hakufika "mkate wetu" mkawa mmeshapita, na dereva anamuuliza kama miguu inapata joto.

Kumbe familia ilikaa kikao asubuhi ile ile ya Jumapili. Jibu alikuwa nalo njia nzima, akawa anakutazama tu unavyokunja kona.

Akaniuliza, "Mzee mwenzangu, dereva yule mnamfahamu?" Nikamwambia dereva simjui, mimi nina mtoto anayeitwa Respicius. Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akawa mtu mzima, akasema: Vaileth ameulizwa mbele ya mama yake, ameridhia, barua ya posa imekubaliwa, na Mzee Silvanus ataletewa jibu la maandishi.

Ametoa sharti moja. Siku ya kupeleka mahari, muoaji abaki nyumbani kama desturi inavyotaka, ila dereva asikose.

Nikamjibu kwamba sharti hilo ni zito na ukoo utalijadili siku tatu. Leo ndiyo siku ya kwanza ya kikao. Tumeshachinja mbuzi.

Baba yako,
Method